Umepewa kuongoza chama kilichozoea kujiongoza: yafikirie haya kabla hujaomba funguo

MLETA UZI (Vwawa, Mbozi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Miaka hii huku Nyanda za Juu Kusini vitu vinaunganishwa kila kona. Vikundi vya kahawa vilivyokuwa vinajitegemea viliingizwa kwenye AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika wa mazao, kuanzia 2018, serikali ilipoamua kahawa ipite kwenye ushirika na kwenda mnadani. Kamati za maji za vijiji zimeingizwa kwenye vyombo vikubwa vya watoa huduma, zile CBWSO, baada ya Sheria Na. 5 ya 2019 iliyoleta RUWASA, wakala wa maji vijijini. SACCOS, vyama vya akiba na mikopo, ndogo zinamezwa na kubwa. Viwanda vinabadili mikono. Na kila mara yupo mtu mmoja anayeitwa ofisini, anapewa barua, anaambiwa aende akaongoze kule. Namwandikia huyo.

Ukipewa chombo ambacho watu wake walikuwa wanajiamulia wenyewe, usidhani ni sawa na ofisi iliyokuwa chini ya bosi mwingine. Ofisi iliyokuwa na bosi inabadili bosi tu. Watu wake wamezoea kuagizwa, watakupima wiki mbili tatu, kisha kazi itaendelea. Lakini watu waliokuwa wanakaa chini ya mti baada ya ibada, wanasomewa hesabu, wanabishana mpaka jua linazama na kunyoosha mikono kuamua ada ya mtambo, hao hawakuwa yatima wanaosubiri kiongozi. Bosi wao alikuwa mkutano. Ukiuondoa mkutano, hata kama una barua yenye mhuri, wanakuona umekalia kiti cha mwenye nyumba.

Kwa wasiojua kahawa, nieleze kidogo kikundi kilivyokuwa. Kilikuwa na CPU yake, yaani mtambo wa kumenya kahawa mbivu. Msimu ukianza, watu wanashusha ndoo na viroba, karani anapima, aliyechaguliwa kusimamia ubora anatenga zenye kijani na kumrudishia mwenyewe mbele za watu, bila kujali ni mke wa mwenyekiti au ni nani. Inamenywa, inachachushwa, inaoshwa, inaanikwa kwenye vichanja. Nani atageuza kahawa Jumanne, nani atalala ghalani, nani apewe malipo ya awali mapema kwa sababu ana mgonjwa wa rufaa Mbeya, hayo yote waliyaamua wao. Mtu ambaye hakumaliza darasa la saba alikuwa anajua kilo za kikundi kizima na deni la benki. Ukimwambia leo kwamba hayo yatashughulikiwa ofisini, umemnyang'anya kitu ambacho hakimo kwenye orodha ya mali mliyokabidhiana.

Historia ya huku kwetu imeshajaribu karibu njia zote za kutawala watu wa namna hiyo, kwa hiyo hatuna haja ya kubahatisha.

Tuanze Iringa. Wajerumani walipigwa vibaya Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na kamanda wao Emil von Zelewski akafia palepale. Wakajipanga upya, na tarehe 30 Oktoba 1894 wakaiteka ngome ya Kalenga. Kwa hesabu ya makaratasi kazi ilikuwa imekwisha, makao makuu yametekwa. Lakini Mkwawa aliishi porini karibu miaka minne zaidi, na asingeweza bila watu waliokuwa wanamlisha na kumpasha habari. Mwishoni mwa 1896 Wajerumani wakaona dawa ni kumweka ndugu yake, Mpangile, atawale chini yao. Februari 1897 wakamnyonga wenyewe, wakimshuku kuwa anamsaidia Mkwawa. Mkwawa alikufa tarehe 19 Julai 1898, na fuvu lake lilipelekwa Ujerumani likarudishwa 1954.

Mtazameni Mpangile. Aliwekwa ili atumike, na haikufika hata miezi mitatu waliomweka wakamwona adui. Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa kila mtu wa ndani unayemchagua kimyakimya awe wako. Wenzake wanamwona kibaraka, na wewe humwamini kwa sababu unajua bado ni wao. Kwenye vyama vya mazao hili lipo sana: meneja mpya anamchukua katibu wa zamani wa kikundi, anamwongezea posho, anamwita mratibu. Mwezi wa pili yule katibu hasalimiwi kilabuni. Mwezi wa tatu habari anazokuletea ni zile tu ambazo wenzake wamekubaliana akuletee.

Njia nyingine ni kuvunja kabisa. Nenda Songea. Vijana wa TANU walianzisha kijiji cha Litowa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na 1963 ukaundwa umoja wa vijiji ulioitwa Ruvuma Development Association. Vikafika vijiji zaidi ya kumi. Walilima pamoja, walikuwa na shule yao Litowa, walikuwa na mashine yao ya kusaga, na mwenye sauti ya mwisho alikuwa mkutano wa wanakijiji. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliuthamini umoja ule. Hata hivyo Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliupiga marufuku, mali zake zikachukuliwa, na vijiji vikawekwa chini ya uongozi wa chama. Vijiji havikuhama. Ile kazi ya kujituma ndiyo iliyokufa, na viongozi waliokuja baadaye hawakuwa na namna ya kuiamuru irudi.

Na tukarudia. Mwaka 1972 halmashauri zilifutwa kwa sera ya madaraka mikoani, sheria za kuzirudisha zikatungwa 1982, kazi ikaanza tena 1984. Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa nchi nzima, mazao yakapewa mamlaka za mazao na mashirika ya umma, na huku kwetu mahindi yakawa ya NMC, shirika la taifa la usagishaji. Mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kurudisha ushirika. Mara mbili taifa lilivunja likalazimika kurudisha, na ushirika uliorudi haukuwa ule uliovunjwa. Mpaka leo mkulima ukimuuliza AMCOS ni ya nani, wengi watakwambia ya serikali. Kutoaminiana huko kumezidi umri wa watu wengi wanaosoma hapa.

Ipo na njia ya Waingereza. Mwaka 1926, walipoanza kutawala kupitia watemi, walimrudisha Sapi, mtoto wa Mkwawa, awe mtwa, yaani chifu, wa Wahehe. Utulivu ulipatikana, lakini mambo makubwa, kodi ikiwemo, yaliamriwa na boma. Kuna viongozi wengi leo wanaofanya hivi na kuona wamefanya wema: wanaacha jina la kikundi ukutani, wanamwacha mwenyekiti na kofia yake, wanamwalika kukata utepe, ila bei, makato na ajira vinapangwa mjini. Naisema wazi, hii naiona mbaya kuliko zote isipokuwa kuvunja, kwa sababu inawafanya wale wazee washiriki uongo mbele ya watu wao.

Sasa ufanye nini wewe uliyepewa barua?

La kwanza, hamia. Sisemi utembelee, hamia. Kama chama kiko Itaka, ukae Itaka, usiwe unashuka na pikipiki saa tatu na kurudi Vwawa saa tisa. Watu waliozoea kujiamulia hawana desturi ya kuandika barua za malalamiko, wanasema pale jambo linapotokea. Usipokuwepo, jambo linakomaa bila wewe, na utakuja kulikuta kwenye mkutano mkuu likiwa na wenyewe na lina sura ya ugomvi. Ukiwa hapo, unalikuta kwenye mizani likiwa bado swali.

La pili, na hapa nataka nikae kidogo, amua mapema ni nini unachukua na nini unaacha mikononi mwao kwelikweli. Mgawanyo usiwe wa nusunusu. Kuna vitu lazima uchukue, usione haya: mikataba ya mauzo, mikopo na ukomo wa madeni, hesabu kukaguliwa na mtu wa nje. Hivyo vikivurugika tawi moja vinazamisha chama kizima. Viseme siku ya kwanza, mbele ya wote, na useme kwa nini. Watu wanaojitawala wanaijua hoja ya kubeba deni la mwenzako, hawahitaji kubembelezwa.

Kisha vitu vya kuacha. Karani wa mizani achaguliwe na wao. Naomba nieleweke: mizani ndiyo serikali ya mkulima wa kahawa. Ukileta karani kutoka mjini, hata awe malaika, kila gramu itakayopungua itakuwa imeibwa. Wakimchagua wao, akikosea watamwondoa wao, na hasira inaishia hapohapo. Ufunguo wa ghala ukae na mtu wao, wa pili ukae kwako. Zamu za CPU wapange wao. Na wawe na mkutano wao wa tawi kabla ya mkutano mkuu, hesabu za tawi lao zikisomwa kwa sauti, kwa tarakimu, siyo kubandikwa tu ukutani. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 inaufanya mkutano mkuu kuwa wenye mamlaka ya juu kwenye chama. Tumia nguvu hiyo kuwainua, kwa sababu mara nyingi watu huisoma sheria hiyo kutafuta nani wa kumwondoa.

La tatu, kaa na daftari lao la zamani. Msimu wa kwanza usilitupe, hata kama halifuati utaratibu wa uhasibu. Soma pamoja na aliyekuwa akiliandika. Mle ndani kuna nani alikopeshwa na hakulipa, nani alichangia mbao za vichanja bila malipo, na makubaliano gani yalifanywa na mjane fulani kuhusu hisa za marehemu. Ukiyafuta hayo kwa kuanza kitabu kipya, umefuta ahadi zao, na utalipa.

Karibuni. Hasa mliowahi kuwa upande wa kumezwa.

MDAU WA IRINGA MJINI

Kamwene mleta uzi. Umeandika vizuri, lakini unavipamba vikundi. Nimefanya ukaguzi wa vyama miaka mingi, Kilolo, Mufindi, mpaka huko kwenu. Huo mkutano chini ya mti sehemu nyingi ni wazee watano na ndugu zao. Nimefungua leja ambayo miezi saba imeandikwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, bila mkunjo hata mmoja kwenye karatasi, ukajua imeandikwa usiku wa kuamkia ukaguzi. Wanachama wapo, wananyoosha mikono, hawajui wanachopitisha.

Sasa ukimwambia meneja mpya awaachie karani na ufunguo, unawaachia wale wale. Kuna mahali dawa ni kuvunja uongozi wote siku hiyohiyo na kuanza upya. Anayekwenda polepole anakuta ghala tupu.

MLETA UZI

Kamwene kaka, na nakubali hayo yapo. Lakini wewe hapo umeeleza chombo kilichokuwa na bosi, ila bosi wake alikuwa hana barua. Hicho siyo ninachokizungumzia, na ni kweli dawa yake ni tofauti.

Kuna namna ya kuvitofautisha kabla hujafanya lolote. Usiende kwa viongozi. Nenda kwa mwanachama wa kawaida, mama anayegeuza kahawa, umuulize: msimu uliopita baada ya makato mlibaki na kiasi gani, na mlikubaliana kufanyia nini? Waulize wengi, kila mmoja peke yake. Kama majibu yanakaribiana, hao wanajitawala, na ukiwavunja utapambana na kijiji kizima. Kama kila mtu anasema muulize mwenyekiti, basi hao wazee watano unaweza kuwaondoa na hutasikia kilio. Ila usikae wewe kwenye nafasi yao. Wape wanachama ule mkutano ambao hawajawahi kuwa nao. Ukiondoa watano na kuketi wewe mmoja, umepunguza idadi tu.

MDAU WA IRINGA MJINI

Swali hilo la salio nimelipenda, nitalitumia. Lakini hata pale wanapojitawala kweli, ukaguzi uje kwanza. Ukichelewesha, baadaye ukikuta pengo utashindwa kusema lilikuwepo kabla yako, na wewe ndiye utakayelibeba.

MLETA UZI

Hapo nakuunga mkono kwa asilimia mia. Hesabu za makabidhiano zifungwe na mkaguzi wa nje, COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, au mwingine anayetambulika, na matokeo yasomwe kwa wanachama kabla ya kwenda kwa mrajis wa vyama vya ushirika. Wasisikie ya chama chao kutoka mkoani.

MDAU WA WANGING'OMBE

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mama, mkulima wa viazi, na niko upande wa kumezwa mleta uzi aliouomba.

Maji yetu ni ya mserereko, yanatoka milimani. Mtaro kila kaya ilichimba sehemu yake, waliokuwa wagonjwa tuliwachimbia. Kamati ilikuwa yetu, fundi wa kijiji alikuwa kijana wetu, akipewa kiasi kidogo na mahindi. Koki ikiharibika asubuhi, mchana imetengenezwa.

Tukaunganishwa na vijiji vingine kuwa chombo kimoja. Nasema kwa haki kabisa, sababu zilikuwa za msingi. Chanzo ni kimoja, walioko chini walikuwa wanakosa maji sisi wa juu tukimwagilia bustani. Chombo kimoja kimeleta mhasibu aliyesoma na fundi aliyesoma. Lakini mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu. Fedha ikawa inakwenda kwenye akaunti ya pamoja, na koki ya shilingi elfu chache inasubiri idhini, foleni ya ndoo inafika barabarani. Watu wakaanza kukata bomba na kujiunganishia. Watu hawa hawa waliochimba mtaro! Mimi niliumia sana kuona vile, kwa sababu zamani ukikata bomba kijiji kizima kinakuja mlangoni kwako.

Kilichotuokoa ni jambo dogo. Ilikubaliwa kila kijiji kibaki na fungu lake la matengenezo madogo, linaandikwa, linasomwa kila mwezi kwenye mkutano wa kijiji, na yule kijana wetu akarudishwa kuwa msaidizi wa fundi mkuu. Matengenezo makubwa na chanzo vikabaki kwa chombo. Kukata bomba kulikoma bila mgambo. Siyo kwamba tuliogopa, ila bomba lilirudi kuwa letu.

MDAU WA TUKUYU

Ugonile mama, umesema jambo. Mimi niongeze la hisa, maana naona hapa tunajadili mikutano na funguo tu. Sisi wa chai Rungwe, wakulima wadogo walipata hisa kupitia umoja wao, RSTGA, kwenye kampuni ya Wakulima Tea yenye kiwanda cha Katumba. Unaweza kubishana kuhusu bei ya jani bichi mpaka kesho, na tunabishana kweli, lakini mkulima anabishana akiwa mwenye hisa. Anauliza gawio, anauliza anayekaa mezani kwenye bodi ni nani. Ukimmeza mtu, mpe fungu la kile kilichommeza. Mkutano usio na mali nyuma yake utachoka wenyewe.

MLETA UZI

Ndaga kaka. Nakubali, na nalipa uzito kuliko nilivyolipa mwanzoni: mali za kikundi zinapoingia kwenye chama kikubwa, CPU, kiwanja, vichanja, zithaminiwe na zigeuzwe hisa za wale wanachama kwa majina. Nimeona sehemu mtambo unaingia bure kama mchango, na msimu unaofuata walioununua wanatozwa ada sawa na wasiotoa hata msumari. Hapo hata uongozi wa haki unashindwa, maana hesabu yenyewe haina haki.

MZEE WA MBINGA

Vijana wangu, nimesoma yote kwa miwani. Mmetaja 1976. Mimi nilikuwa kijana, baba yangu alikuwa mjumbe wa chama cha msingi. Tangazo lilipokuja, wazee walikabidhi mizani, meza na kabati. Mhuri na daftari la hisa hawakukabidhi. Walisema vimepotea. Vilikaa kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda cha mzee mmoja, na kila mwaka walikuwa wanakutana nyumbani kwake kama wamekwenda kunywa pombe, kumbe wanasoma majina ya wanachama. Ushirika uliporudi, daftari likatoka.

Nawaambia hili ili mtu anayekabidhiwa ofisi ajue. Akipewa kila kitu haraka bila ubishi, aulize kimebaki nini chini ya kitanda. Na akigundua, asikipeleke polisi. Hao wanaotunza daftari ndio wanachama hasa. Wanaoitikia ndiyo bwana wala hawajui daftari lipo.

MDAU WA MBEYA, SOWETO

Shikamoo mzee. Kaka mleta uzi, mimi nina jambo la sasa hivi, naomba msaada. Ni mhasibu, nina umri mdogo. SACCOS yetu imechukua nyingine ndogo ya wafanyabiashara wa sokoni, na nimepelekwa kusimamia lile tawi. Mwenyekiti wao wa zamani ni kiongozi wa aina yake, mzee anayeheshimika sana. Sasa hana cheo, lakini kila siku anakaa kwenye banda la chai jirani na ofisi. Wanachama wakija kuomba mkopo wanapita kwanza kwake, ndipo wanaingia kwangu. Wengine wakitoka kwangu wanarudi kwake kumwambia nilichosema. Meneja wangu amesema nimpige marufuku kusogea pale. Roho yangu inakataa lakini sina jibu la kumpa meneja.

MLETA UZI

Mdogo wangu, roho yako imesema kweli. Ukimfukuza bandani atakaa sokoni, na sokoni ndiko wanachama waliko. Utakuwa umemsogeza karibu nao na mbali na wewe.

Jiulize wanafuata nini kwake. Wale wafanyabiashara walikuwa wanakopeshana kwa kujuana: huyu mlipaji, yule anacheza kamari, huyu mwezi huu ana msiba mvumilie. Fomu yako ya mkopo haina mahali pa kuandika hayo. Yule mzee anayo kichwani. Kwa hiyo wanakwenda kwake kupata uamuzi wanaouelewa, halafu wanakuja kwako kuchukua fedha.

Nenda kwake wewe. Nenda bandani, agiza chai, umwamkie, na mwambie wazi mbele ya waliopo: mzee, mikopo ya tawi hili nataka ipite kwenye kamati ya wanachama wa hapahapa sokoni kabla haijafika kwangu, na nataka wanachama wachague kamati hiyo. Usimteue wewe. Hili ni la muhimu kuliko yote niliyosema leo. Ukimteua, umemfanya Mpangile. Wakimchagua wao, na nina uhakika watamchagua, anakuwa na kazi halali, ana kikomo cha muda, maneno yake yanaandikwa kwenye muhtasari, na akipendelea ndugu yake wenzake wamo humo kamatini.

Kisha mwambie na unachochukua wewe: ukomo wa mkopo, dhamana, na kufuatilia marejesho. Hivyo havijadiliwi bandani. Akijua mpaka uko wapi, hatakuwa na sababu ya kuupima kila siku.

Kwa meneja wako, usimpelekee falsafa. Mpelekee marejesho. Chukua mikopo ya tawi hilo ya miaka ya nyuma, iliyopitishwa na mzee na wenzake, uone wangapi walilipa kwa wakati. Kama walilipa vizuri, hiyo ndiyo hoja yako. Kama hawakulipa, basi meneja ana hoja, na wewe utakuwa umejua mapema.

MDAU WA MBEYA, SOWETO

Nimezitazama harakaharaka usiku huu, wengi walilipa. Ahsante kaka. Swali la mwisho: nikiitisha kikao cha kuchagua hiyo kamati, nimwalike afisa ushirika? Nahofia watu wataona ni serikali imekuja.

MDAU WA IRINGA MJINI

Mwalike, kijana. Usipomwalika, siku likitokea tatizo kamati yako itaambiwa haitambuliki. Na hakikisha masharti ya SACCOS yenu yanaruhusu kamati ya tawi. Kama hayaruhusu, anza na bodi wapitishe kwanza, usichaguzishe watu kitu kitakachofutwa wiki ijayo.

MDAU WA WANGING'OMBE

Na kikao kifanyike sokoni, siyo ofisini. Jioni, baada ya kufunga meza.

MLETA UZI

Sawasawa wote wawili. Mwambie afisa mapema kwamba atakuwa mgeni na atasema mwishoni, kikao kifunguliwe na mwanachama. Na hesabu za tawi usome wewe, kwa sauti, kabla ya kura, pamoja na yale marejesho uliyoyaona usiku huu. Wajue kwamba ofisi mpya imesoma na kuona walikuwa wanalipana.